Unga wa Yanga, Ndiga na Sahani Isiyorudi Tupu

Shilingi ikianza kuteleza na mafuta yakapanda bei miezi miwili mfululizo, barazani huzuka swali lilelile: tununue magunia mangapi? Tuanze basi na hesabu, maana hofu isiyopigiwa hesabu hula fedha nyingi.

Mtu mzima anayekula ugali mara mbili kwa siku humaliza kama gramu 400 za unga. Nyumba ya watu watano ni kilo 2 kwa siku. Debe la mahindi lina kilo 18 hivi, kwa hiyo linakwenda siku tisa. Gunia la kilo 100 linakwenda siku 50. Mwaka mzima ni kilo 730, magunia saba na ushee, kabla hujatoa pumba, panya na dumuzi. Chumba cha kupanga Manzese au Kawangware hakina pa kuyaweka, na mwenye pa kuyaweka itambidi awe na wa kuyalinda. Weka akiba, ndiyo, mwezi mmoja au miwili. Zaidi ya hapo unahitaji vitu vingine viwili visivyouzwa dukani: kujua kinacholiwa nje ya mlango wako, na kuwa na watu ambao mmeshazoea kupelekeana sahani. Vyote viwili vina ubaya mmoja. Havianzi siku ya njaa.

Tanzania imeshapita huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vikaanza Oktoba 1978, na bei ya mafuta duniani ikaruka tena mwaka 1979. Nchi ikabaki bila fedha za kigeni. Miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya kupikia, viwembe na khanga vilikuwa bidhaa adimu, vikitolewa kwa mgawo kwenye maduka ya kaya, na nje watu wamepanga foleni bila kuwa na hakika mbele kunauzwa nini. Mahindi ya njano ya kutoka nje yakasagwa, na unga wake watu wakauita unga wa yanga kwa rangi ya jezi ya timu ya Yanga. Uliliwa kwa manung'uniko, ingawa mahindi ya njano yana karotini, ile inayofanya vitamini A mwilini, ambayo sembe nyeupe haina. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Wapo waliotupa mali vichakani usiku ili wasikutwe nayo. Mwaka huohuo ikaja Nguvu Kazi, wasio na ajira mjini wakasombwa kurudishwa mashambani. Masharti ya kuingiza bidhaa yalianza kulegezwa mwaka 1984.

Kadi ya mgawo peke yake haikuvusha nyumba. Kilichovusha ni shamba la mihogo nje ya mji, mboga za majani za pembeni mwa njia, mradi wa kuku nyuma ya nyumba, na kiroba kilichotumwa na ndugu wa bara kupitia kwa dereva wa lori. Mambo hayo husimuliwa kwa hisia nyingi na hatua chache. Hapa tuzungumze hatua.

Majani hayashibishi

Kosa la kwanza la mtu aliyeanza kusoma habari za vyakula vya porini ni kudhani mchicha wa bure utachukua nafasi ya unga. Kilo nzima ya mchicha mbichi ina kalori kama 250. Mtu mzima mwenye kazi za mikono anahitaji 2,000 na zaidi. Majani huleta vitamini, madini ya chuma na ladha inayofanya ugali mkavu uteremke. Nguvu inatoka kwenye wanga, na wanga wa porini ndio wenye kazi na hatari. Tutaufikia.

Mboga za kuanzia ni zile ambazo tayari zinauzwa sokoni kwa fungu: mchicha pori, mgagani, mnavu, mlenda, mchunga. Faida yake ni kwamba unaweza kununua fungu kwa muuzaji anayezijua, ukaliweka mezani, ukalilinganisha na unaloliona nje. Chuma ncha laini za vidole vinne tu. Shina likigoma kuvunjika kwa kucha, limekomaa. Mnavu chuma majani, uache matunda mabichi ya kijani, kwani ndiyo yenye sumu. Mgagani na mchunga ni chungu; wapishi wengi huchemsha, humwaga maji ya kwanza, kisha hutia maziwa au karanga za kusagwa. Ukimwaga maji unamwaga na sehemu ya vitamini C, lakini mboga isiyolika haina vitamini kwa mtu yeyote.

Mmea wa kuogopa ni mnanaha. Unapenda mahali palepale mchicha unapopenda: jalalani, pembeni mwa zizi, kwenye udongo uliochimbuliwa. Ukiwa mkubwa hauna utata, una ua jeupe au la zambarau kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Ukiwa mchanga ndipo unapoingia kikapuni. Majani yake yana meno makubwa yasiyolingana na ukiyasugua yananuka vibaya. Jani la mchicha lina ukingo laini na mara nyingi kijipengo kidogo kwenye ncha. Mwaka 2019 watu wa Karamoja, Uganda, walikufa na mamia wakaugua kwa unga wa msaada uliochanganyika na sumu ya jamii hiyo ya mimea, na huo ulikuwa unga wa kiwandani. Kwa hiyo kila aina na mfuko wake, hakuna kuchanganya mpaka nyumbani, na mtoto asitumwe peke yake.

Angalia pia udongo. Mchicha una tabia ya kufyonza madini mazito, na hauonyeshi kwa rangi wala ladha. Kingo za barabara kubwa, karibu na gereji, mabonde ya mito inayopokea maji ya viwanda kama Msimbazi: hapo acha, hata kama majani yamenona. Pengine yamenona kwa sababu hiyohiyo. Uyoga nao usiuchume kwa picha. Kuchemsha hakuondoi sumu ya ule unaoua.

Kukausha ni sehemu ambayo watu wa Dodoma na Singida wanaifanya vizuri kuliko mwambao. Masika majani yanamwagwa, kiangazi fungu linageuka dhahabu, na katikati ya hali hizo mbili kuna kichanja tu. Chuma asubuhi umande ukishakauka. Osha kwa maji matatu, maana mchanga ukikaukia kwenye jani hautoki tena, na mboga ya mchanga ndiyo inayowafanya watoto waichukie mboga kavu maisha yao yote. Chemsha lita 5 za maji na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, tumbukiza majani kwa dakika mbili au tatu, opoa, chuja. Joto hilo linasimamisha vimeng'enya ambavyo vingeendelea kula rangi na virutubisho hata baada ya jani kukauka. Mlenda usiuchemshe, utapoteza utelezi wake. Huanikwa mbichi na kutwangwa.

Tandaza juu ya kichanja, si chini wala juu ya bati, safu isiyozidi unene wa kidole, kivulini penye upepo. Jua kali linakausha haraka zaidi lakini linaunguza vitamini A. Siku mbili hadi nne zinatosha kiangazi. Jani lililokauka hulia likikunjwa na kuvunjika. Likijikunja bila kuvunjika bado lina maji, na ukilifunga hivyo utafungua ukungu wiki ya tatu. Acha lipoe kabisa kabla ya kufunga, kwa sababu joto lililobaki hutoa jasho ndani ya chombo. Kilo 10 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Kupika, loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, chemsha, tia karanga.

Mhogo na haraka

Sasa wanga. Mhogo mchungu hupandwa kwa makusudi: nguruwe hawaufukui, nyani hawauibi, na mwizi wa usiku akiutafuna mbichi anajuta. Ukikaa ardhini mwaka na nusu ni ghala lisilo na mlango. Uchungu wake ndio ulinzi wake, na ndio unaotaka kueleweka.

Ndani ya mhogo kuna kitu kiitwacho linamarini, na pembeni yake, kwenye sehemu nyingine ya chembehai, kuna kimeng'enya chake, linamarasi. Viwili hivyo havikutani mpaka mhogo ukatwe, upondwe au uoze. Vikikutana kwenye unyevu hutoa sianidi. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, yaani mchana wa kawaida wa Tanga unatosha kuipeperusha. Ukishaelewa hivyo, mbinu zote za bibi zinajieleza zenyewe: vunja mhogo, upe unyevu, upe muda, kisha uanike wazi ili hewa ipite. Na unaona kwa nini kukatakata mapande makubwa na kuyaanika juani mpaka yakawa makopa hakutoshi kwa mhogo mchungu. Maji yanakwisha kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Robo au hata theluthi ya sumu inabaki ndani imelala, ikisubiri kulowa tena tumboni.

Njia ya kulowesha: menya, kata vipande vya urefu wa kiganja, zamisha majini siku tatu hadi tano mpaka vivunjike kwa vidole. Kwenye baridi ya milimani huchukua zaidi, kwa hiyo pima kwa vidole na si kwa kalenda. Toa nyuzi za katikati, kamua, vunjavunja, anika. Njia ya kuvundika, ile itoayo udaga wa Kanda ya Ziwa: menya, anika siku moja, lundika, funika kwa majani ya mgomba au gunia siku tatu au nne mpaka mhogo ulainike na ukungu uote juu, kwangua ukungu wote, vunja vipande vidogo, anika mpaka vikauke kabisa. Kila njia inakula wiki nzima. Na wiki nzima ndicho kitu ambacho mwenye njaa hana.

Ndipo yalipotokea maafa. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame na vita, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu. Tarime mwaka 1985 yakatokea hayohayo. Masasi mwaka 1988, ukame ukiwa umebana, watu walitwanga mihogo mibichi, wakaanika, wakatwanga tena, wakapata unga siku hiyohiyo na kuupikia. Wakaanza kutapika na kuzirai. Kupooza huko kunaitwa konzo, neno la watu wa kusini magharibi mwa Kongo, ambako ugonjwa uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1938. Hupiga ghafla, hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na miguu hairudi.

Ona jinsi mambo matatu yanavyokutana mwaka wa njaa. Ukame wenyewe hupandisha sumu ndani ya mhogo, hata ule mtamu uliouzoea. Njaa hufupisha siku za kulowesha. Na kitoweo kimekwisha. Hili la kitoweo husahaulika: mwili huivunja sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Nyumba inayokula mhogo mtupu kwa wiki kadhaa haina salfa ya kufanyia kazi hiyo. Kiganja cha dagaa au bakuli la kunde siku hizo lina kazi kubwa kuliko kulainisha ugali.

Kama una unga wa makopa na huna imani nao, ipo hatua moja nyepesi isiyohitaji kifaa, iliyopelekwa vijijini Popokabaka, Kongo, na kusaidia kuzuia konzo. Weka unga kwenye bakuli, tia alama ulipofikia. Mimina maji huku unakoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama acha. Tandaza tope hilo juu ya mkeka au sinia, unene usizidi sentimita 1, saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha pika ugali siku hiyohiyo, usilaze. Kosa linalofanyika ni tope kuwa nene: safu ya sentimita tatu inafungia sianidi ndani. Kosa jingine ni kulifunika kwa kitambaa kuzuia nzi. Nzi wafukuze kwa mkono.

Kisamvu nacho ni jani la mhogo, kina sumu hiyohiyo. Kitwange kibichi mpaka kiwe laini, kichemshe bila kifuniko, ndipo utie nazi. Wanaokichemsha kizima kwa haraka ili kuokoa mkaa wanaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Ndiga ni hadithi kali zaidi. Ni kiazi kikuu cha porini, mtambao wenye miiba, majani matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, na kwa vizazi vingi kimekuwa chakula cha mwisho kabisa cha mwaka wa njaa. Humenywa, hukatwa vipande vyembamba, huwekwa kwenye kikapu ndani ya maji yanayotiririka siku tatu au zaidi, huanikwa, hutwangwa. Sumu yake huleta degedege na huweza kuua. Nimeitaja ili uijue ukiiona, na ili usidhani maelezo haya yanatosha. Anayeifahamu ni mzee wa hapo kijijini aliyewahi kuipika, anayejua mto upi, kipande chembamba kiasi gani, na mmea upi si wenyewe. Kaa naye mwaka ambao hakuna njaa.

Ming'oko ya Mtwara na Lindi ni ndugu yake mpole: viazi vyembamba vya porini vinavyochemshwa na kuuzwa kwa fungu hata stendi. Ukichimba, acha kichwa cha mtambao ardhini na urudishe udongo shimoni. Mashimo wazi kila mahali ni dalili ya watu ambao mwakani hawatapata kitu.

Dumuzi, mbegu na majani ya mpapai

Wale walionusurika na foleni walikuta adui mwingine ghalani. Dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati, alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, sambamba kabisa na uhaba. Kenya siku za baadaye walimwita Osama. Anapenda mahindi yaliyoachwa kwenye magunzi kuliko yaliyopukuchuliwa, na ndani ya miezi michache gunzi linabaki vumbi. Tabia ya zamani ya kuning'iniza magunzi darini juu ya moshi bado inafaa kwa mbegu chache za kupanda. Kwa chakula cha nyumba, pukuchua.

Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu. Tia chumvi kavu kijiko kimoja kwenye chupa kavu ya kioo, jaza mahindi theluthi, funga, tikisa dakika chache, acha dakika 10 au 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Yakishakauka, yajaze kwenye dumu la lita 20 lisiwe na nafasi juu, funga kwa mfuniko wa kubana na nta au mpira, na usilifungue mwezi mzima. Wadudu waliomo watamaliza hewa wenyewe na kufa. Dumu moja hubeba kama kilo 15, kwa hiyo linaliwa bila kufungua mengine. Ukifungua kila siku kuchungulia, unawapelekea pumzi.

Mbegu: mahindi chotara ya dukani ukirudia kuyapanda huporomoka na kutofautiana. Weka pembeni eneo dogo la aina inayorudiwa, kama Katumani au Staha, uchague magunzi ya katikati ya shamba kutoka kwenye mimea isiyopungua 50. Ukichagua magunzi matano mazuri tu, baada ya misimu michache utaona mimea inadhoofika.

Sabuni ilipokosekana watu walifulia majani ya mpapai. Hutoa povu kidogo na kuondoa uchafu, ila yakisuguliwa kwenye nguo nyeupe huacha rangi ya kijani. Maji ya majivu ya maganda ya ndizi au ya kuni ngumu ni makali zaidi, na yakichemshwa na mafuta huwa sabuni laini ya kuchota. Chekecha majivu meupe, yaweke kwenye chungu chenye matundu chini, mwagia maji taratibu, kinga kinachodondoka. Makali yake hupimwa kwa yai: likielea na kuonyesha sehemu sawa na sarafu, yanatosha. Usiyachemshie kwenye sufuria ya alumini. Yataitoboa na kuharibu kila kitu. Tumia chungu au chuma, na kaa upande ambao upepo unatoka.

Sahani

Kupeana nako kuna ufundi, na huharibika kwa kutojua kama unga unavyoharibika. Pwani anayesaidia kuvuta ngalawa mpaka mchangani hupewa samaki wa kitoweo. Haulizwi jina, wala hapigiwi mnada. Sahani ya jirani ikija na futari hairudi tupu. Ukiwa huna kitu unaiwekea ndimu mbili, pilipili, au unaikalisha mpaka kesho upate. Ukubwa wa kinachorudi si hoja. Ukirudisha hapohapo kitu cha thamani ileile umelipa deni, na aliyelipwa deni hana sababu ya kuleta tena. Ukichelewa kidogo, na ukarudisha kilicho tofauti, mlango unabaki wazi pande zote mbili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na watu wa mjini ndiyo wanayoivunja zaidi: wanakimbilia kulipa ili wasidaiwe.

Ya pili, toa kinachooza kwanza. Mzigo wa maembe, samaki wa ziada, mboga zilizokatika na mvua. Kilo 3 za samaki bila friji zina saa chache. Zikigawanywa nyumba tano hakuna kilichopotea, na nyumba tano zina la kukumbuka. Nafaka kavu inaweza kusubiri. Usianze na nafaka, maana ukizoeza mtaa kwamba una gunia, utaombwa gunia.

Kikoa, yaani kula kwa zamu, kila nyumba na siku yake, kinaokoa mkaa mwingi. Lakini piga hesabu. Nyumba tano za watu watano ni vinywa 25: kilo 10 za unga na lita 20 za maji kwa siku, sufuria ambayo nyumba nyingi hazina na mwiko unaotaka mikono miwili. Linalowezekana zaidi ni kila mtu na ugali wake, kikoa kiwe cha mboga na kitoweo. Mchango uhesabiwe kwa vinywa na usihesabiwe kwa nyumba, la sivyo wenye watoto wawili watachoka kuwalisha wenye saba, na hawatasema. Wataanza tu kuumwa siku za zamu zao. Na chakula kiliwe barazani. Mtaa unapoanza kula milango imefungwa, kikoa kimekufa hata kama orodha ya zamu bado imebandikwa ukutani.

Upatu wa fedha ndio wa kwanza kuvunjika bei zikipaa, na si kwa sababu watu wamekuwa waongo. Chukua mfumuko wa asilimia 30 kwa mwaka, kama ule wa katikati ya miaka ya 1980. Watu kumi, mchango wa kila mwezi: wa kumi anapokea noti zilezile, lakini zimepoteza karibu asilimia 20 ya nguvu tangu mchezo uanze. Wa mwisho akilijua hilo anaacha kuchanga mwezi wa sita. Geuzeni upatu uwe wa vitu: kila mmoja alete kilo moja ya sukari, au mche wa sabuni, au lita ya mafuta, na zamu ikupe kumi kwa pamoja. Kilo ni kilo mwezi wa kwanza na wa kumi. Panapozuka ugomvi ni kwenye ubora, hivyo kubalianeni mapema aina na kipimo, na pimieni mbele ya wote.

Zawadi inayozaa kuliko zote ni mbegu ya mihogo. Shina moja lililokomaa, la miezi 10 hadi 12, hutoa pingili kama kumi za urefu wa sentimita 20 hadi 30, zenye macho matano hadi saba. Shina moja leo ni mashina kumi mwakani, mia mwaka wa pili. Kwa mwendo huohuo husambaa magonjwa. Batobato huonekana: majani yaliyojikunja, madoa ya njano. Michirizi ya kahawia hujificha. Shina linaweza kuwa zuri kabisa juu, majani ya chini tu yana unjano kando ya mishipa, na mizizi inaoza ardhini bila mtu kujua mpaka siku ya kuvuna. Kwa hiyo kabla ya kumpelekea jirani mzigo wa mbegu, ng'oa mashina matatu au manne sehemu tofauti za shamba, kata mizizi vipande vyembamba kuanzia kichwani mpaka mkiani, uangalie nyama yake kwenye mwanga. Nyeupe yote, funga mzigo uupeleke kabla ya jua kuwa kali, macho yakiwa yameelekezwa juu, kivulini, upandwe ndani ya siku chache. Ukikuta alama za kahawia ngumu kama gome, mwambie jirani ukweli, na mashina hayo uyachome.